Kulea ni kazi: Mkufunzi wa walezi wa watoto Kwale hufanya nini hasa?

UKISEMA nyumbani kwamba umeingia chuo cha ufundi kusomea umeme, utapongezwa. Ukisema unasomea umekanika, wajomba wataanza kukuletea bodaboda zao mbovu hata kabla muhula haujaisha. Lakini jaribu kusema unasomea malezi ya watoto. Swali litakalokuja ni moja tu: kwani hilo nalo husomewa?

Swali hilo ndilo mzigo wa kwanza wa mkufunzi wa malezi katika chuo cha ufundi. Mwenzake wa umeme haingii darasani na kukuta vijana wanaodhani tayari wanajua kuunganisha nyaya. Yeye anaingia akijua kwamba karibu kila aliyeketi mbele yake amewahi kumbeba mdogo wake mgongoni, amefua nepi, amepika uji. Wengine wana watoto wao wenyewe nyumbani. Wote wanajua kulea, au angalau wanaamini hivyo.

Wahenga walishatoa jibu: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Neno walilotumia ni kazi. Na kazi ina vifaa, ina kanuni, ina saa na ina malipo. Mkufunzi wa malezi hapa Kwale, awe anafunza Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga, anajaribu kumfanya kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, na mara nyingine aliyeishia darasa la nane, aione hivyo. Ukimfuatilia wiki moja utagundua jambo ambalo ratiba ya chuo haionyeshi: sehemu kubwa ya kazi yake haiko darasani. Iko barabarani, akimfuata mwanafunzi wake huko alikoenda kulea.

Kapu moja la Katiba

Fungua Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, pale panapoorodheshwa kazi za serikali za kaunti. Utakuta kipengele kimoja kinachotaja pamoja elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani na vituo vya kutunzia watoto. Vyote vinne vimetiwa kapu moja, na kapu hilo likakabidhiwa kaunti.

Mkufunzi huyu anasimama ndani ya kapu hilohilo. Ameajiriwa na chuo cha ufundi, na anamfunza mtu atakayefanya kazi chekechea, katika kituo cha kutunzia watoto au nyumbani kwa mtu. Yeye ndiye uzi unaoviunganisha vipande hivyo.

Lakini vilivyomo kapuni havionekani kwa usawa. Chekechea inaonekana. Ina madarasa ya PP1 na PP2 kwa watoto wa miaka minne na mitano, ina walimu wanaolipwa na kaunti, na tangu ugatuzi uanze 2013 Kwale imejenga vyumba vya chekechea hata katika vijiji vya ndani. Sasa mtoto wa miezi minane je? Wa mwaka mmoja na nusu? Huyo ameachwa kwa nyanya, kwa jirani, kwa dada yake ambaye leo hakwenda shule, au katika chumba cha kukodi ambapo mama mmoja anaangalia watoto wa wenzake kwa malipo ya kila siku. Hakuna kengele, hakuna sare, hakuna daftari la mahudhurio. Hao wadogo ndio hasa wanaomnyima usingizi mkufunzi wa malezi.

Beseni, kikombe na mwanasesere

Chumba chake cha mafunzo hakina mashine za kuogofya. Kuna meza, beseni, ndoo yenye mfereji, vikombe, mkeka, godoro dogo na mwanasesere ambaye amekwisha kuogeshwa mara mia. Vitu vya kawaida kabisa. Ila hapo ndipo wengi hujikwaa.

Chukua mfano wa kumlaza mtoto mchanga. Wengi watamlaza kifudifudi kwa sababu hapo hutulia upesi. Mkufunzi anarekebisha: mgongoni, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto. Chukua mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyekabwa na kipande cha muhogo. Kidole kikiingizwa kinywani kwa pupa huenda kikakisukuma zaidi. Anayefunzwa anamlaza mwanasesere juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, anampiga makofi matano kati ya mabega, kisha anamgeuza na kumbonyeza kifuani mara tano. Anarudia. Anarudia tena mpaka mikono ifanye bila kuuliza kichwa.

Halafu zipo ajali za nyumba zetu za huku. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache tu, kwa hivyo ndoo iliyoachwa wazi uani ni hatari sawa na kisima. Mafuta taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda yamemponza mtoto wa watu zaidi ya mara moja. Akinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali. Akiungua kwa jiko, kidonda kinamwagiwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno ni ya meno.

Siku nyingine ni zamu ya utepe wa kupimia mkono. Ni kipande cha plastiki chenye rangi tatu, kinachozungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano. Kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, rangi ni nyekundu, na maana yake ni utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni manjano. Mlezi anayejua kuusoma utepe huo anaweza kumwona mtoto anayedhoofika wiki kadhaa kabla jirani hajasema kwamba mtoto amekonda. Hali kadhalika pakiti ya maji ya chumvi na sukari, ORS. Zipo za nusu lita na zipo za lita moja, kwa hivyo anayekoroga bila kusoma pakiti anaweza kumpa mtoto kitu kizito mno au chepesi mno. Kusoma pakiti ni sehemu ya mtihani.

Katika mfumo wa mafunzo ya umilisi, ambao mitaala na tathmini zake husimamiwa na baraza la TVET CDACC, mwanagenzi hapiti kwa kukariri. Anatazamwa akitenda, kila hatua inatiwa alama, na ushahidi unahifadhiwa katika jalada lake: picha, fomu, ripoti za mazoezi. Asiyeweza huambiwa kwamba bado hajafuzu, arudi ajaribu tena. Ukimkuta mkufunzi saa mbili usiku akijaza makaratasi chini ya taa, ni majalada hayo anayamaliza.

Kuongea na asiyejibu

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, pamoja na washirika wao, walitoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo wenye nguzo tano: afya njema, lishe ya kutosha, usalama, nafasi ya kujifunza mapema, na malezi yanayomwitikia mtoto. Nguzo nne za kwanza kijana anazielewa haraka. Hiyo ya tano ndiyo ngumu kufunza.

Kumwitikia mtoto maana yake ni hii: akiguna, nawe umjibu. Akimnyooshea paka kidole, mtajie paka. Akicheka, cheka, halafu nyamaza umpe zamu yake. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi mno katika miaka mitatu ya mwanzo, na mazungumzo hayo madogo ni sehemu ya chakula chake. Lakini mwambie kijana wa miaka 19 aongee na mtoto wa miezi mitano mbele ya wenzake thelathini. Anaona haya. Anacheka. Anasema hana la kumwambia mtu asiyejibu.

Mkufunzi anampa beseni na kumwambia amwogeshe mwanasesere huku akieleza kila anachokifanya: sasa naosha mkono, sasa mguu, maji ni ya vuguvugu, eeh, umependa? Kwa lugha gani? Kwa lugha ya nyumbani kwa mtoto. Kidigo, Kiduruma, Kikamba, Kiswahili, yote sawa. Wapo wazazi wanaotaka yaya aongee Kiingereza kibovu badala ya Kidigo kizuri, na mkufunzi hulazimika kuwaeleza wanafunzi wake jinsi ya kumjibu mwajiri kama huyo kwa adabu.

Mpinzani mkubwa wa nguzo hii anakaa mfukoni. Ni simu. Mlezi aliyeinamia video fupifupi yuko na mtoto chumba kimoja, lakini mtoto yuko peke yake. Hili nalo linafunzwa, na vijana hulipokea kwa shingo upande kuliko somo lolote.

Vitu vya kuchezea navyo havitoki dukani. Kifuu cha nazi kilichosuguliwa kikawa laini, magunzi ya mahindi, vitambaa vya leso kuukuu, chupa ya plastiki iliyotiwa kokoto na kufungwa vizuri. Kanuni ya usalama ni rahisi: kitu kinachoweza kupita ndani ya kile kibomba cha katikati ya karatasi ya msalani ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Atakimeza.

Nyanya hapingwi hadharani

Kuna somo ambalo halipatikani katika mtaala wowote, na mkufunzi asiyelijua hadumu Kwale. Ni namna ya kumpinga nyanya.

Mengi ya malezi ya pwani ni mazuri na hayahitaji kuguswa. Kumkanda mtoto mafuta ya nazi, kumbeba mgongoni, kumwimbia, mama aliyejifungua kupumzishwa na kupikiwa siku arubaini: mlezi aliyesoma hana sababu ya kuyadharau. Lakini yapo ya kubadilisha. Wanja wa machoni, hasa ule wa dukani, huweza kuwa na madini ya risasi, na risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Maji na uji kabla ya miezi sita humpunguzia mtoto nafasi ya kunyonya na huweza kumletea kuhara. Homa ya ukanda huu wa malaria haingojewi hadi kesho ili ionekane kama itashuka.

Msichana wa miaka ishirini akirudi kijijini na kumwambia mama mzee aliyelea watoto wanane kwamba anakosea, amefunga mlango. Kwa hivyo darasani huigizwa. Mmoja anakuwa nyanya, mwingine mlezi. Mlezi anaamkia kwa heshima, anakaa chini, anasifu lililo zuri, kisha anauliza: na kliniki walisemaje kuhusu wanja? Anaomba kijitabu cha mama na mtoto. Anaacha kijitabu kiseme. Mafundi wa umeme hawana somo kama hili.

Ratiba inayofuata mwezi

Vitabu vingi vya malezi vinadhani mzazi hutoka saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Sasa nenda Kibuyuni, karibu na Shimoni, ambako kina mama wanalima mwani. Mwani hufanyiwa kazi maji yakipwa. Wakati wa bamvua maji hupwa sana, na bahari huwa nje kabisa kama saa nne asubuhi hivi. Kesho yake saa hiyo husogea mbele kwa karibu dakika 50, na keshokutwa vilevile. Wakati wa maji mafu, mashamba ya mwani hayafikiki kwa urahisi. Kwa hivyo mama wa Kibuyuni hahitaji kituo cha saa mbili hadi saa kumi na moja. Anahitaji mlezi anayejua kusoma mwezi.

Diani ni hadithi nyingine. Wafanyakazi wa hoteli wana zamu: kuna wa jikoni anayeingia alfajiri na kuna wa baa anayetoka usiku wa manane. Desemba, Pasaka na Agosti hoteli hujaa, na mahitaji ya walezi hupanda. Msimu ukiisha, kibarua cha mama kinakatika, mtoto anaondolewa kituoni na mlezi anabaki bila mteja. Mkufunzi makini hufundisha pia hesabu: weka akiba ya Desemba ikulinde Mei.

Na Diani ina jambo zito zaidi. Utafiti uliotolewa na UNICEF pamoja na serikali ya Kenya 2006 kuhusu unyonyaji wa watoto kingono katika utalii wa pwani uliitaja Diani miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa. Kwa sababu hiyo somo la ulinzi wa mtoto haliwezi kuwa la kupitisha muda. Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni? Jina lake limeandikwa wapi? Mlezi akiona alama mwilini au hofu isiyo ya kawaida, anamwambia nani? Sheria ya Watoto ya 2022 ipo, na namba ya simu 116 hupigwa bila malipo. Kila mwanafunzi anatakiwa kuijua namba hiyo kama anavyoijua ya mamake.

Mkufunzi anayefuata

Turudi kwenye safari. Mafunzo ya malezi hayakamiliki bila miezi ya mazoezi kazini. Mwanafunzi mmoja anapelekwa chekechea ya Msambweni, mwingine kituo cha kutunzia watoto Ukunda, mwingine Lunga Lunga mpakani. Mkufunzi anatakiwa kuwatembelea. Anapanda matatu ya barabara ya Lunga Lunga, anashuka njia panda, anachukua bodaboda, anaketi pembeni ya chumba kwa saa mbili akitazama.

Anachokiona huko hakionekani darasani. Anaona kwamba mwanafunzi aliyepata alama za juu kwa kunawa mikono yuko mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi. Anaona yule aliyejua kumwitikia mtoto akiwa na watoto kumi na watano peke yake. Hapo ndipo mafunzo yanapoanza upya: maji haya machache tuyatumie kwanza kwa nini? Watoto hawa tuwagawe vipi ili kila mmoja aguswe na kuongeleshwa?

Pwani hii imekwisha kuthibitisha kwamba njia hiyo hufanya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, jamii za Waislamu wa pwani zilikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao hawakuwa wakifanya vyema shuleni, huku wazazi wakitaka pia wapate msingi wa dini. Kwa msaada wa hayati Aga Khan wa Nne na wakfu wake, mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, akaanza kutafuta jibu. Kutokana na kazi hiyo chekechea ya kwanza ilianza Mombasa 1986. Ndio mwanzo wa mpango wa Madrasa, uliosambaa katika vijiji vya pwani, Kwale ikiwemo, ukavuka hadi Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Baadaye chekechea zilizokuwa chini ya mpango huo katika nchi hizo tatu zilipita 200.

Siri yake haikuwa majengo. Wanawake waliofunzwa walitoka katika jamii zilezile, wengi wao bila masomo mengi ya sekondari. Walitengeneza vifaa kwa vitu vya kijijini. Na wakufunzi waliwafuata. Mafunzo ya darasani yaliendelea kwa kutembelewa mara kwa mara pale walipokuwa wakifanya kazi, mkufunzi akikaa, akitazama, akionyesha. Watafiti waliowapima watoto wa chekechea hizo na kuchapisha matokeo 2008 walikuta kwamba walikuwa wamepiga hatua kuliko wenzao ambao hawakupitia chekechea.

Serikali nayo ilikuwa na wazo linalokaribiana na hilo. Kituo cha kitaifa cha elimu ya chekechea, NACECE, kilianzishwa 1984, kisha vikafuata vituo vya wilaya vilivyojulikana kama DICECE. Mwalimu wa chekechea alifunza watoto muhula mzima na kusoma wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, kwa miaka miwili. Hakuacha kazi ili ajifunze kazi.

Ndiyo maana inauma kwamba fedha zikibana, nauli ya mkufunzi ni rahisi kukatwa. Chaki ikikosekana kila mtu anaona. Ziara isipofanyika, anayejua ni mwanafunzi aliyeachwa peke yake na watoto kumi na watano.

Aya katika mstari wa mfagiaji

Sasa tuje kwa lile ambalo kila kijana atauliza: mshahara?

Agizo la serikali kuhusu mishahara ya chini lina orodha ya kazi. Mlezi wa watoto yumo, akiitwa aya. Yumo katika daraja la chini kabisa, mstari mmoja na mfagiaji, mtunza bustani, mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa mchana na tarishi. Agizo la 2022 lilimwekea mtu wa daraja hilo Sh15,201.65 kwa mwezi akiwa Nairobi, Mombasa au Kisumu, kabla ya marupurupu ya nyumba. Nje ya miji, kiwango kilikuwa karibu nusu ya hicho. Viwango hupandishwa, lakini mpangilio ni huohuo. Yaani shuka na barabara kutoka Likoni, uingie Kwale, na mtoto yuleyule analeleka kwa bei nafuu.

Hakuna ubaya wowote katika kufagia. Tatizo ni kwamba orodha hiyo haitofautishi kati ya aliyesomea kumwokoa mtoto aliyekabwa na yule aliyeletwa jana kutoka mashambani bila kuonyeshwa chochote. Mtaani wote wanaitwa mboch. Mkufunzi anayemwambia mwanafunzi kwamba cheti kitampa heshima anajua kwamba soko bado halijasoma cheti hicho.

Juu nako kuna dari. Anayetaka kuwa mwalimu wa chekechea kwa stashahada mpya ya ualimu anahitaji gredi ya C katika KCSE. Wengi wanaofika vyuo vya ufundi hawana C. Kwa hivyo wako wanafunzi wenye mikono mizuri kabisa kwa watoto wadogo ambao hawawezi kuvuka kuingia PP1 hata wakitaka.

Katikati ya hayo Ghuba inaita. Wasichana wengi wa pwani huelekea Saudi Arabia, Qatar na Oman kufanya kazi za nyumbani, na kabla ya kusafiri hutakiwa kupitia mafunzo ya utunzaji wa nyumba yanayotambuliwa na NITA, ambayo malezi ya watoto ni sehemu yake. Mkufunzi hawezi kumzuia mtu kutafuta riziki. Anachoweza ni kuhakikisha anayeondoka anajua kazi na haki zake, na kumwonyesha kwa hesabu ya kweli kwamba kituo kidogo cha watoto sita Ukunda, kikiendeshwa vizuri, nacho ni biashara.

Ukitaka kuingia

Kama umesoma mpaka hapa na bado unaitaka kazi hii, mambo machache.

Kwanza, milango iko mingi. Katika mfumo wa TVET, stashahada huhitaji C-, cheti cha ufundi huhitaji D, na chini ya hapo kuna ngazi ya fundi wa mwanzo. Ikiwa umelea watoto wa watu kwa miaka na huna karatasi hata moja, uliza kuhusu utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, unaosimamiwa na mamlaka ya KNQA.

Pili, kabla ya kulipa karo, uliza maswali manne. Chuo kimesajiliwa na TVETA? Mkufunzi ana leseni? Mtihani ni wa nani: TVET CDACC, NITA au KNEC? Na la nne, ambalo wengi hawaliulizi: nikiwa mazoezini kazini, mkufunzi atanitembelea mara ngapi? Chuo kikisitasita kwenye la nne, fikiria tena. Kuhusu karo, pitia ofisi ya wadi yako uulizie basari ya kaunti mapema, kabla fomu hazijafungwa.

Tatu, wavulana, hili linawahusu pia. Mtoto hachagui jinsia ya anayemwitikia, na mwanamume anayejua kumlaza mtoto, kumsoma homa na kumtengenezea gari la kifuu ana nafasi yake chekechea na hata katika hoteli zenye vyumba vya michezo ya watoto. Utachekwa wiki mbili za kwanza. Baadaye watakuletea watoto wao.

Na kwa wanaopanga bajeti: Katiba ilishawapa kapu zima, chekechea, vyuo na vituo vya kutunzia watoto. Vyumba vya PP1 na PP2 vimejengwa. Kinachofuata hakihitaji ramani wala kandarasi kubwa. Ni nauli ya matatu na bodaboda, kila mwezi, kwa mkufunzi mmoja mwenye daftari, ili afike Kibuyuni kabla maji hayajajaa na akae saa mbili akimtazama msichana aliyemfunza akimlisha mtoto wa mtu kwa kikombe.